Baiskeli Isiyoazimwa Bila Mwenyewe

Kwa miaka yote tuliyofahamiana sikuwahi kumwona Fundi akiwa na viatu miguuni. Alivivaa mikononi. Zilikuwa akala mbili fupi, zilizokatwa kwenye tairi la lori, kila moja na mkanda mmoja wa kupita juu ya vidole. Miguu yake ilikuwa imekauka tangu utotoni, kwa hiyo alijisogeza kwa mikono, mwili ukifuata nyuma, vumbi likimfikia kidevuni. Hivyo ndivyo nilivyomkuta Isiolo mwanzoni mwa miaka ya sabini, akishona viatu vya watu wengine kwenye baraza la duka lililofungwa, kando ya barabara ya kwenda Marsabit.

Mimi nilikuwa karani wa stoo katika ofisi ya mifugo. Yeye aliniita Karani, nami nikamwita Fundi, na majina yetu mengine hatukuyahitaji. Ukoo wake na mahali alipozaliwa siviandiki. Sikuviuliza, na mtu aliyeviuliza aliambiwa alete kiatu.

Aliwajua watu wa mji kwa nyayo. Kutoka pale alipokaa, uso wa mtu ulikuwa mbali na mara nyingi jua lilikuwa nyuma yake, lakini kiatu kilikuwa karibu. Siku ya kwanza nilipompelekea changu alikigeuza mara mbili, akanitazama kwa mashaka.

"Wewe unakanyaga upande," alisema. "Kisigino ya nje imekwisha, ya ndani iko kama mpya. Unaogopa nini huko ndani?"

Nilikwenda nyumbani nikijichunguza mwendo. Alikuwa amesema kweli, na mpaka leo sijajua ninachokiogopa.

Alikuwa mlalamishi hodari kuliko wote niliowahi kukutana nao, na nimefanya kazi serikalini. Alilalamikia nyuzi za siku hizi, matairi ya siku hizi, na mbuzi waliolala barazani pake. Alilalamikia upepo wa Isiolo, ambao kila mwaka alidai umeongezwa. Chai ikiwa moto alilalamika, ikipoa alilalamika, ikiwa vuguvugu alinyamaza kidogo, kisha akalalamikia kikombe. Mwandiko wangu alisema unafanana na nyayo za kuku aliyekimbizwa, ingawa hakujua kusoma.

Lakini miguu yake hakuilalamikia hata mara moja. Kwao mtu akisalimiwa hujibu amani kwanza. Hata nyumba ikiwa imeungua usiku uliopita, hujibu amani, halafu ndipo husema kwamba nyumba imeungua. Kuhusu miguu, Fundi alijibu amani na kuishia hapo. Mtu akimwonea huruma, alimwambia kisigino chake kimelala upande mmoja.

Jambo lingine ambalo sikuweza kulipatanisha ni uaminifu wake. Mbele ya karatasi ya serikali alikuwa mwaminifu kupita kiasi. Mbele ya ubao wa drafti hakuwa mwaminifu hata kidogo. Tulicheza kwa vifuniko vya soda, na kila nilipoinama kunywa chai, kifuniko kimoja changu kilihama. Nikimshika mkono wenye msumari wa kushonea, alisema, "Ni upepo. Si nilikuambia umeongezwa?" Nilipomuuliza inakuwaje mtu anayeogopa karatasi namna ile aibe kifuniko cha soda, alijibu kwamba drafti haina barua.

Mambo ya barua za serikali yalianza na misumari. Alinunua misumari midogo kwa muuza vyuma, ikafungwa kwenye kipande cha gazeti la serikali, na kwa kuwa hakutupa karatasi yoyote yenye nembo, alinipa nimsomee. Kiingereza nilijifunza mwenyewe kwa kamusi, kwa hiyo nilisoma polepole. Kipande kilisema kwamba mtu mwenye ulemavu au ugonjwa wa kudumu anaweza kuomba kusamehewa kodi ya mauzo kwa chombo anachokinunua kwa ajili ya hali yake.

Fundi aliacha kushona. Kwa miaka kadhaa alikuwa akiweka akiba ya kununua baiskeli ya magurudumu matatu, ile ya kuzungushwa kwa mikono. Kila alipofikia bei, bei ilisogea, na mara ya mwisho kilichompita kilikuwa karibu sawa na hiyo kodi.

"Inasema 'anaweza' ama inasema 'lazima apewe'?"

"Anaweza kuomba."

"Basi tuombe. Kuomba hakuna kodi."

Fomu ilipofika ilikuwa na maswali ishirini na moja. La saba liliuliza ulemavu ulianza lini. La nane liliuliza unatarajiwa kwisha lini.

"Andika siku ya kiama," alisema.

"Wanataka tarehe, Fundi."

"Na wewe kwa vitabu yako hujasoma tarehe yake?"

Niliandika kwamba haijulikani. Kisha ilitakiwa picha ya kuonyesha ulemavu. Mpiga picha wa mji alikuwa mtu wa adabu. Alimwinua Fundi akamkalisha kwenye kiti cha mbao, mbele ya pazia lililochorwa ziwa na mlima wa theluji, akamfunika kiunoni kwa shuka safi, akamshikisha kitabu. Alisema hajawahi kumpiga mtu picha ya kumwaibisha na hataanza sasa. Picha ilitoka nzuri sana. Ilionyesha mzee wa heshima, mwenye afya, anayesoma kando ya ziwa. Ofisi ya kodi iliirudisha na swali moja: ulemavu uko wapi?

Mara ya pili Fundi alimwambia mpiga picha apige miguu peke yake. Ofisi ilirudisha hiyo pia, ikitaka kujua miguu ni ya nani. Mara ya tatu nilikata picha zote mbili na kuzibandika pamoja kwa gundi ya ofisi ya mifugo, ile tuliyobandikia lebo za chupa za chanjo. Mzee wa ziwani akapata miguu iliyokuwa kubwa kuliko kichwa chake. Msamaha ukatolewa.

Baiskeli iliteremshwa kutoka kwenye lori la Nairobi mchana wa Ijumaa, wakati watu wanatoka msikitini, kwa hiyo mji mzima uliiona. Ilikuwa ya kijani, na nyuma ilikuwa na keria pana ya chuma. Fundi alipandishwa, akazungusha mikono, akaenda mpaka ofisi ya posta na kurudi. Kisha akazitundika zile akala za mikononi kwenye msumari ukutani, akaniletea barua iliyofuatana na baiskeli.

Niliisoma mara mbili. Chombo hiki kitatumiwa na mlemavu mwenyewe, si mtu mwingine yeyote. Hakitauzwa, hakitatolewa zawadi, wala hakitaazimwa kwa muda wa miaka mitano. Kila mwaka, katika muda huo, mwenye chombo ataleta cheti cha daktari. Miaka mitano ikiisha, ofisi itamwandikia kumjulisha kwamba masharti yameondolewa.

Hapo ndipo nilipoona uso wake ukibadilika. Ni lazima nieleze kwa nini. Katika mji ule, na zaidi kwa wafugaji, kitu kisichoazimwa ni aibu ya mwenye kitu. Mtu aliyepungukiwa maziwa hupewa ng'ombe wa kukamua, akakaa naye msimu mzima, na hakuna anayeona ajabu. Mtu akikataa kuazima sufuria, habari zake hufika mpaka kijiji cha Kulamawe kabla ya sufuria kupoa. Na sasa Fundi alikuwa na keria pekee yenye magurudumu matatu katika mtaa, na karatasi inayomkataza kuitoa.

"Inasema mtu mwingine yeyote," alirudia.

"Ndiyo."

"Na mzigo? Inasema mzigo?"

"Mzigo haijautaja."

"Mbuzi?"

"Mbuzi si mtu, Fundi."

"Kwa hivyo mimi nikiwa juu, hata kama mzigo ni ya jirani, ni mimi natumia."

Nilisoma tena kifungu chote. "Inaonekana hivyo."

"Na jirani mwenyewe akikaa nyuma?"

"Kama wewe ndiye unayeendesha, yeye hatumii. Amebebwa."

"Andika hiyo."

"Siwezi kuandika sheria, Fundi."

"Basi ikumbuke."

Kuanzia siku hiyo, mtu yeyote aliyekuja kuazima baiskeli alijibiwa maneno mawili: "Nakuja nayo." Hakumnyima mtu, wala hakuvunja sharti. Alijiazimisha pamoja na chombo.

Matokeo yake yalikuwa ya ajabu. Mtu akitaka kupeleka gunia la mkaa, Fundi alikwenda na mkaa. Mtu akihama nyumba, Fundi alihama naye mara nne au tano kwa siku, akiwa na kabati mgongoni na kuku mapajani. Mke wake aliuza maziwa ya ngamia sokoni, na wateja walipomuuliza mumewe yuko wapi, alijibu kwa kutaja mzigo. "Leo yuko na saruji," alisema. Au, "Ameenda na kitanda ya mwalimu."

Masanduku ya bibi harusi yalipaswa kupelekwa kwa bwana harusi, na hakuna anayeleta masanduku kisha akaambiwa arudi bila kula. Fundi aliniambia mwenyewe kwamba kabla ya baiskeli alikuwa amehudhuria harusi moja, yake. Katika mwaka wa kwanza wa baiskeli nilihesabu kumi na tisa. Alikaa mbele, penye wazee, akilalamika kwamba nyama ina mafuta.

Jirani mmoja alishikwa na uchungu wa kuzaa mchana, na gari halikupatikana. Shida ilikuwa kwamba mwanamke yule asingeweza kukaa na mwanamume asiye wake. Mke wa Fundi alikata shauri: mama akae kwenye keria akitazama nyuma, Fundi aendeshe akitazama mbele, na yeye atembee katikati, kama kuna katikati. Walifika hospitali salama. Alipopongezwa Fundi alisema, "Mimi sikuona mtu. Nilisikia tu keria inapiga kelele."

Safari ndefu kuliko zote ilikuwa ya Merti. Mfanyabiashara mmoja alitaka baiskeli imtoe mama yake kwenye lori na kumpeleka nyumbani kupitia mchangani, kwa sababu mama alikuwa mzee. Fundi na baiskeli wakapandishwa juu ya lori, juu ya magunia ya unga, wakaenda. Mama mwenyewe alipoteremka alikataa kupanda kitu chenye magurudumu, akatembea haraka mbele, huku Fundi akisukumwa nyuma yake na wanaume watatu, magurudumu yakizama. Lori la kurudi likachelewa. Alikaa Merti siku kumi na moja kama mgeni wa yule mama, akarudi amenenepa na anajua nyayo za Merti yote.

Alasiri moja alikuwa amesinzia juu ya baiskeli karibu na wauza miraa, na mlevi mmoja akaiiba. Sijui mlevi yule aliona nini. Aliisukuma mpaka karibu na kizuizi cha polisi, Fundi akiwa juu yake, ndipo Fundi akaamka.

"Unaenda wapi?" aliuliza.

"Naiba baiskeli," mlevi alijibu, kwa unyoofu.

"Sawa. Lakini mimi nakuja nayo."

Walipofika kizuizini mlevi alikuwa amechoka, akaomba arudishwe mjini. Fundi alimweka kwenye keria akamrudisha. Nilimuuliza kwa nini hakupiga kelele. Alisema hakuona kosa, kwa kuwa mwenye chombo alikuwa juu ya chombo wakati wote.

Jambo baya lilitokea mwaka wa tatu. Cheti cha kila mwaka kilitolewa hospitali, na mwaka ule alikuwepo daktari mpya, kijana kutoka upande wa milimani, mpole, aliyefuata fomu kama ilivyoandikwa. Sikuwepo, lakini Fundi alinisimulia mazungumzo yao akiyasifu.

"Habari yako, mzee?"

"Mzuri, alhamdulillahi."

"Miguu inakusumbua?"

"Hapana. Hiyo ilinyamaza zamani."

"Una malalamiko yoyote?"

"Kwa daktari? Hapana. Asante sana."

"Kijana ana adabu," Fundi aliniambia. "Aliuliza mara tatu kama niko sawa."

Daktari aliandika: mgonjwa hana malalamiko.

Baada ya miezi miwili barua ikaja kutoka Nairobi. Nilisimama barazani nikaisoma kimya kwanza, jambo ambalo sikuwa na desturi ya kulifanya, na Fundi akaweka kiatu chini.

"Soma," alisema.

Barua ilisema kwamba, kwa kuwa cheti cha daktari kinaonyesha mwombaji hana malalamiko yoyote, ofisi inafurahia kupona kwake. Msamaha umeondolewa. Mwombaji alipe kodi yote katika siku sitini au arudishe chombo.

Kodi hiyo hakuwa nayo. Kama angekuwa nayo asingeomba msamaha. Aliniomba nirudie mahali panaposema inafurahia, nikarudia. Kisha alijiteremsha kutoka kwenye baiskeli mwenyewe, akafika ukutani, akazitoa zile akala za mikononi kwenye msumari. Panya walikuwa wameila moja. Akavuta kipande kipya cha tairi, akaanza kukata.

Mke wake alikuja na mitungi ya maziwa akamkuta hivyo.

"Unafanya nini?"

"Natengeneza viatu."

"Ya nani?"

"Ya mtu amepona."

Yule mama aliweka mitungi chini akanitazama mimi, kama kwamba mimi ndimi niliyeandika barua. Nilimweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Huyu mwanaume analalamika kutoka alfajiri. Analalamikia chai yangu, analalamikia kuku, analalamikia mwezi ikiwa ndogo. Mtu amempata mara moja amwambie alalamike, na siku hiyo amekuwa na adabu?"

Nilikwenda kwa daktari peke yangu. Alinipokea vizuri na hakuwa na ubaya wowote.

"Miguu nimeiona, sikatai," alisema. "Lakini pale pameandikwa malalamiko ya mgonjwa. Siwezi kuandika kitu mgonjwa hakusema. Mlete alalamike, nitaandika neno kwa neno."

Tukaanza kumfundisha. Jirani yetu muuza nyama alikuwa na maumivu ya mgongo ya miaka mingi na alijulikana kwa ufasaha wake hospitalini. Aliacha bucha, akaja kukaa barazani.

"Kwanza weka mkono hapa kwa goti," alisema. "Funga jicho moja. Halafu sema, 'Aii, daktari, nakufa.'"

"Jicho inaingia wapi kwa miguu?"

"Jicho ndio daktari anaona. Goti imefunikwa."

Fundi aliweka mkono kwenye goti. "Daktari, miguu," alisema.

"Miguu inafanya nini?"

"Iko."

"Sema inauma."

"Haiumi."

"Basi sema haitembei."

"Hiyo si kulalamika. Hiyo ni habari."

Muuza nyama alijaribu kwa siku nne. Siku ya nne alikasirika, akamwuliza kwa nini anaweza kulalamikia tairi na hawezi kulalamikia mwili wake mwenyewe.

"Nikilalamikia tairi, namshtaki mwenye kuuza tairi," Fundi alisema. "Nikilalamikia chai, namshtaki huyu mama. Nikilalamikia miguu, namshtaki nani?"

Muuza nyama alitazama juu, akatazama chini, kisha akasema ameacha nyama na inzi. Hakurudi kufundisha tena.

Fundi alikwenda hospitali mara moja katika siku zile, akasalimiwa, akajibu alhamdulillahi, akarudi. Akala mpya zilikuwa tayari, zimepigwa misumari na kulainishwa kwa mafuta. Watu walipokuja kuazima baiskeli, alikwenda nayo kama kawaida, lakini nilianza kuona kwamba anapita njia ndefu. Siku moja nilimkuta amesimamisha baiskeli mbele ya ofisi ya posta bila mzigo wala mtu. Alisema anaangalia nyuso. "Nitarudi kwa nyayo," alisema, "kwa hivyo naweka nyuso akiba."

Zilipobaki siku tano tulikwenda pamoja. Hata siku hiyo alikuwa na mzigo, pipa la maji la jirani, ambalo tulilishusha njiani. Mimi na mlinzi tukamwinua kupitia ngazi mbili za mlango wa hospitali, baada ya kungoja kwa saa nyingi juani. Daktari alikuwa na kalamu tayari.

"Habari yako, mzee?"

"Mzuri, alhamdulillahi."

Nilifumba macho. Daktari aliniangalia kwa huzuni, akajaribu tena. "Mzee, nisaidie. Huna malalamiko hata moja? Lolote?"

"Lolote?" Fundi aliuliza. "Hata kama si ya miguu?"

"Fomu haisemi ya miguu. Inasema malalamiko ya mgonjwa."

Fundi alijiweka sawa kwenye kiti, kiti kikayumba. Hapo akaanza. Alisema kiti hiki kina mguu mfupi na hospitali nzima hakuna aliyeona. Alisema watu wanangoja juani na kivuli kiko upande wa pili wa ua, kazi ni kusogeza benchi. Alisema mlango una ngazi mbili, na aliyezijenga hakufikiria mtu yeyote ila yeye mwenyewe. Alisema matairi ya siku hizi ni membamba, upepo umeongezwa, na ofisi ya kodi inafurahia mambo ambayo haikuyaona. Alisema daktari mwenyewe anavaa viatu vya kubana, na akifika uzeeni atakumbuka siku hii. Daktari aliandika yote. Kurasa ziliisha, akaomba karatasi nyingine.

Kabla ya kuondoka Fundi alitoa kipande cha tairi mfukoni, akapiga misumari miwili kwenye mguu wa kiti, na kiti hakikuyumba tena.

Jibu la Nairobi lilikuwa la mistari miwili. Malalamiko ya mwombaji yamepokelewa na yanaridhisha. Msamaha unaendelea.

Nilimsomea mara tatu, kwa sababu alitaka kujua ni lipi hasa lililoridhisha. Mimi nilidhani ni wingi wake. Yeye alishikilia ni lile la upepo. Akala mpya alizitundika msumarini bila kuzivaa hata siku moja, na miaka iliyofuata alikwenda kulalamika kila alipotakiwa, akiwa amejiandaa.

Nilihamishwa kutoka Isiolo kabla miaka mitano haijatimia. Nilirudi kumtazama mwishoni mwa miaka ya themanini, nikiwa njiani kwenda Leparua kwa kazi ya chanjo. Baraza lilikuwa lile lile. Fundi alikuwa na ndevu nyeupe na mikono yake ilitetemeka kidogo aliposhika uzi. Baiskeli ilipakwa rangi mpya, buluu, na mnyororo haukuwa ule wa zamani. Aligeuza kiatu changu kabla ya kunisalimu.

"Bado unaogopa," alisema.

Tulikunywa chai, akailalamikia. Niliinua macho nikaona zile akala za mikononi zikiwa msumarini bado, na ndani ya ile ya kulia pamechomekwa bahasha ya kahawia yenye nembo. Haikuwa imefunguliwa. Vumbi lake lilikuwa la miaka.

"Hii ilikuja lini?"

"Mwaka ule baada ya wewe kuhama."

"Na hukuisoma?"

"Msomaji alihama."

"Fundi, mji umejaa watoto wa shule."

"Hao wanasoma haraka," alisema. "Barua ya serikali haitaki haraka." Aliubana uzi kwa meno, akaukata. "Barua haijasomwa, haijafika. Ama kwa vitabu yako ni vingine?"

Niliishika bahasha. Nilijua ndani yake mna nini, na nilijua kwamba yeye anajua. Kabla sijasema chochote alifika mama mmoja jirani, amebeba godoro kichwani, mume wake akimfuata.

"Salaam aleikum, Fundi. Nimekuja kuomba baiskeli nipelekee msichana yangu godoro. Amejifungua. Lakini wewe pumzika leo, mkono yako imechoka. Huyu mzee wangu ataisukuma mwenyewe."

"Aleikum salaam. Karatasi haikubali."

"Hiyo karatasi yako." Mama aliteremsha godoro. "Tangu msichana yangu akiwa mtoto nasikia miaka mitano. Hiyo miaka mitano haiishi?"

Fundi alinigeukia mimi, uso wake mtulivu kabisa, kama wakati wa drafti baada ya kifuniko kuhama.

"Muulize Karani," alisema. "Yeye ndiye alisoma masharti. Ni mtu wa hesabu, hajawahi kukosea."

Ni kweli kwamba katika kazi yangu nimekuwa mwangalifu na hesabu. Nilikuwa nimekwisha kuihesabu ile miaka, na ilikuwa imezidi mitano karibu mara mbili na nusu.

"Bado," nilisema.

"Bado ngapi?" mama aliuliza.

"Kidogo."

"Unaona, mama," Fundi alisema, akifuta mikono. "Si mimi. Nakuja nayo."

Tulimpandisha, tukafunga godoro kwenye keria, likamfunika mpaka akawa haonekani kwa nyuma. Mume wa yule mama akasukuma. Bahasha niliirudisha ndani ya akala ya kulia, kama nilivyoikuta, nikakaa kumalizia chai. Niliweza kumsikia mpaka walipopinda kwenye kona ya msikiti, akilalamikia magodoro ya siku hizi, upepo, na mwendo wa yule mzee, kisha akauliza kwa sauti kubwa kama huko kwa mtoto watachinja.